Re: Baraza ya mbao karibu na kinamasi, Massachusetts

Habari dada. Umeuliza kama kibali cha ujenzi cha mji kinatosha, maana nyasi za uani kwako zinaishia kwenye kinamasi. Usitegemee hicho peke yake. Ukiwa ndani ya futi 100 kutoka ardhioevu, jambo hilo ni la Tume ya Uhifadhi ya mji wako, yaani chombo cha mji kinacholinda ardhioevu.

Anza na mpaka, kabla hujampa fundi hata senti. Mimi nilipima kutoka pale maji yanapoishia hadi baraza yangu, nikapata futi 70. Kumbe mpaka wa ardhioevu unafuata mimea na udongo. Mtaalamu alipochomeka bendera zake, zikabaki futi 40, na ramani yangu yote ikabidi ichorwe upya. Iliniuma sana.

Ukiwa zaidi ya futi 50 kutoka mpaka huo na unajenga juu ya nyasi zilizopo, kanuni za jimbo hukusamehe mara nyingi, mradi uzuie udongo usitiririke. Lakini miji mingi ina sheria zake kali zaidi, kwa hiyo mpigie karani wa tume, umuulize hilo kwanza.

Ukiwa karibu zaidi ya futi 50, peleka kwa tume ombi fupi la kuuliza kama sheria ya ardhioevu inakuhusu. Wakisema inakuhusu, unajaza taarifa kamili ya mradi na kikao kinaitishwa. Amri watakayokupa, yaani kibali chenye masharti, isajiliwe kwenye ofisi ya hati za ardhi kabla ya kuchimba shimo lolote. Ukimaliza, dai cheti cha utekelezaji, kinachoonyesha kwamba umefuata amri hiyo. Bila hicho, utakwama siku ya kuuza nyumba.