Skana ya meno: namba ya dozi ni ya kweli?

SWALI: Skana yetu ya meno ya 3D, hapa Nairobi, huonyesha mGy·cm² baada ya kila picha. Nitaihakikishaje?

JIBU: Hiyo (miligrei mara sentimita za mraba) ni dozi ya mionzi mara eneo la mwali, si dozi aliyobaki nayo mgonjwa. Funga chemba bapa ya ayoni (kifaa cha kupima mionzi kwa hewa iliyo ndani yake) kwenye mdomo wa tyubu ya eksirei, ifunike mwali wote. Ukingo wa mwali ukitoka nje ya chemba, usomaji hushuka. Piga mara 3 bila mgonjwa, kwa mpangilio wenu wa kila siku, uchukue wastani. Mtego wa Nairobi ni hewa: kanieneo (mgandamizo wa hewa) ikiwa kilopaskali 83 badala ya 101.3, chemba iliyo wazi kwa hewa ya nje husoma pungufu kwa asilimia 18 hivi. Zidisha wastani kwa 1.22, isipokuwa mita ya chemba hujirekebisha yenyewe, kisha ulinganishe na namba ya skana.