Usijibanze chini ya daraja la juu! Jibu kwa anayetoka Dallas kwenda Wichita na pikipiki mwezi wa tano

Mdogo wangu, weka kwanza pembeni habari za koti la mvua. Umeandika kwamba Ijumaa katikati ya mwezi wa tano ukitoka kazini saa tisa alasiri, unawasha pikipiki hapo Dallas, Texas, kwenda Wichita, Kansas, huku Marekani, kuwahi mahafali ya binamu yako Jumamosi jioni. Umeuliza koti gani halipitishi maji, kioo kirefu cha mbele kinasaidia kwenye upepo au kinaongeza tabu, na mabegi ya pembeni yafungweje. Halafu mwishoni kabisa ukachomekea: "Nikikutana na dhoruba au tornado nitajibanza chini ya daraja la juu mpaka ipite." Na wakuu humu wamekupongeza kwamba umejipanga vizuri.

Hapana! Hujajipanga. Umechagua saa mbaya kuliko zote kwenye barabara ile, na mahali pabaya kuliko pote pa kujificha. Nasema hivi kwa sababu chini ya daraja la namna hiyo nimeshakaa, na mguu wangu wa kulia una chuma hadi leo.

Nianze na daraja, maana tornado, ule upepo mkali unaozunguka kutoka wingu la dhoruba hadi ardhini, ikikukuta pale ndilo linaloua.

Hadithi ya kwamba daraja la juu ni kinga ilienezwa na video moja. Tarehe 26 Aprili 1991 wafanyakazi wa televisheni walikuwa kwenye barabara kuu ya kulipia kule Kansas, wakaona tornado inawafuata, wakapanda juu kabisa chini ya daraja pamoja na wasafiri wengine. Upepo ukapita, wakatoka wazima. Video ikazunguka dunia nzima na bado inazunguka kwenye simu zetu. Kisichoelezwa ni kwamba tornado ile ilikuwa dhaifu pale ilipofika, na haikulipitia daraja lenyewe moja kwa moja. Tena daraja lile lilikuwa na mihimili ya chuma ya kushikilia na upenyo wa kujikunyata juu, kitu ambacho madaraja mengi utakayopita hayana. Juu kuna zege tupu, laini, huna pa kushika. Siku hiyohiyo, tornado nyingine ilipiga Andover, nje kidogo ya Wichita unakokwenda, ikaua watu 17. Hiyo haikupata bahati ya kusambazwa hivyo.

Sasa sikiliza ya tarehe 3 Mei 1999. Tornado iliyopita Bridge Creek na Moore, kusini mwa Oklahoma City, ilipimwa na rada ya kubebwa kwenye gari ikawa na upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Jioni ile watu walisimamisha magari wakakimbilia chini ya madaraja, kwa sababu ya video ile ile. Kwenye madaraja matatu walikufa watu watatu, mmoja kila daraja, na waliobaki wengi waliumia vibaya mno. Mojawapo ni daraja la Shields pale Moore, kwenye barabara kuu ya I-35. Mdogo wangu, I-35 ndiyo barabara yako. Utapita hapohapo.

Daraja linaua kwa sababu upepo ukifika pale unabanwa kwenye nafasi nyembamba na kasi inazidi, kama maji unapobana mdomo wa mpira wa bustani. Ukipanda ule mteremko wa zege kwenda juu ndiyo unajiongezea balaa, kwa kuwa upepo huwa mkali zaidi kadiri unavyoondoka chini. Na upepo hauji peke yake. Unakuja na mabati, mbao, vioo na kokoto, vyote vinapita kwenye tundu hilo ulilojiweka wewe. Mwenye gari angalau ana bodi ya chuma. Wewe una jaketi.

Yangu sasa. Nilikuwa narudi Oklahoma City kutoka Denton, jioni, mwezi huohuo wa tano. Kusini ya Pauls Valley mbingu upande wa magharibi ikageuka rangi ya kijanikijani, joto likakatika ghafla, mawe yakaanza. Jiwe la barafu likikupiga kwenye kifundo cha mkono ukiwa kwenye mwendo, mkono unakufa ganzi. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita njia ya kutokea yenye kituo cha mafuta, nikaiacha kwa sababu kichwani nilikuwa na daraja. Hilo ndilo linaniuma kuliko mfupa wenyewe. Jengo nililiona, nikalipita, nikaenda kutafuta zege.

Chini ya daraja magari yalikuwa yamejazana, lori limeziba njia moja, na waliokuwa wanakuja nyuma hawaoni kitu, wanafunga breki kwenye maji. Nikashuka nikasimama kati ya pikipiki na ukuta. Upepo ulipoingia ulikuja kutoka upande ambao sikuutarajia, ukaiinua pikipiki ikaniangukia mguuni, mfupa wa muundi ukavunjika mara mbili. Nililala pale nimebanwa, maji yananipita usoni, nasikia breki za magari nyuma yangu, nasubiri litakalonimaliza. Wasafiri wawili, sijui hata majina yao, ndio walioiinua pikipiki wakaniingiza kwenye gari lao. Mungu awabariki popote walipo.

Na ile haikuwa tornado. Tornado ilipita mbali kabisa na pale. Kilichonivunja ni upepo wa kawaida wa dhoruba, ule unaoshuka na mvua na kusambaa ardhini.

Hospitali nilifanyiwa upasuaji sina bima ya afya. Deni lile limelipwa kwa michango ya jumuiya ya Watanzania na kwa zamu za usiku. Pikipiki ilikuwa na bima ile ndogo ya kulipia hasara za wengine tu. Upepo na mvua ya mawe havimo humo, sikupata hata senti. Angalia bima yako leo, kabla hujaangalia koti.

Nani aliniambia nikimbilie darajani? Muuzaji wa duka nililonunua pikipiki. Mtu mzima, mvi mpaka ndevuni, akanipa funguo akaniambia: ukikutana na tornado, daraja ndilo nyumba yako. Akanionyesha na video. Kwa kuwa alikuwa ameendesha miaka mingi kuliko mimi, nikaamini. Nilimrudia baadaye na magongo yangu, akaniambia labda nilisimama upande usiofaa! Mtu anayewakabidhi vijana pikipiki katika jimbo la Oklahoma ana wajibu wa kujua jambo ambalo Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa imelipigia kelele tangu 1999. Ofisi yao ya mji wa Norman, Oklahoma, ilichambua vifo vile vya madarajani, ikaeleza wazi kwamba chini ya daraja si mahali pa kujikinga. Bure, kwa kila mtu. Hakusoma. Na nyie mnaomsifia huyu kijana humu, nanyi hamjasoma.

Sheria yangu ni moja, naomba uibebe: kuanzia Aprili hadi Juni kwenye tambarare zile, saa nane mchana pikipiki iwe imezimwa na wewe uko ndani ya jengo.

Asubuhi hewa yenye unyevunyevu kutoka Ghuba ya Meksiko huwa imelala chini, imefunikwa na tabaka la hewa ya joto juu yake. Jua linaichemsha mchana kutwa, hewa kavu inasukuma kutoka magharibi, na kifuniko kile kikipasuka alasiri wingu linapanda kilomita nyingi kwa muda mfupi. Ndiyo maana tornado nyingi hutokea kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku. Wewe ukitoka Dallas saa tisa, karibu saa hizo zote uko Oklahoma, juu ya magurudumu mawili. Ungemwomba mtu akupangie safari ya kukutana nayo, asingepanga vizuri kuliko hivyo.

Dallas hadi Wichita ni kama kilomita 580. Ukiondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, ukapumzika Ardmore na tena Perry, unaingia Wichita mchana mapema, unaoga, unavaa suti, unamsubiri binamu yako. Sisemi asubuhi haina dhoruba. Zipo zinazokesha mpaka alfajiri. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa fungua ramani ya Kituo cha Utabiri wa Dhoruba, kilichopo hapohapo Norman. Hatari wameigawa ngazi tano kwa rangi. Mwenye gari anaweza kuishi na ngazi ya pili, ya njano. Mwenye pikipiki hapana, kwa sababu mvua ya mawe peke yake inatosha kukuangusha. Ukiona njano kwenye njia yako na saa zako zinagusa alasiri, panda basi au omba lifti. Mahafali hayana daraja la ziada kwa aliyefika na pikipiki.

Na ujue kusoma simu yako. Ikiandika Tornado Watch, maana yake mazingira ya tornado yapo katika eneo kubwa, kaunti nyingi, na mwenye pikipiki anatakiwa aanze kutafuta jengo saa hiyohiyo. Ikiandika Tornado Warning, imeshaonekana kwa macho au kwa rada, wewe ulitakiwa uwe ndani tayari. Usitegemee ving'ora vya mjini. Ndani ya helmeti, na injini inanguruma, huvisikii. Weka simu mfuko wa kifuani, mtetemo uuhisi.

Ikikukuta njiani pamoja na hayo yote, toka barabara kuu kwenye njia ya kwanza yenye jengo. Kituo cha mafuta ni sawa, lakini usisimame chini ya paa la pampu, lile huanguka. Ingia ndani, chooni au chumba cha katikati kisicho na dirisha. Baadhi ya vituo vya mapumziko vya barabarani Texas vina chumba maalumu cha dhoruba, na kibao kipo. Iache pikipiki nje, usigeuke kuifunga. Ikiwa ni radi na mawe tu na hakuna jengo, gonga kioo cha gari lililosimama, omba kuingia. Watu wa kule wana utu, watakufungulia. Matairi ya mpira hayakukingi na radi, ni bodi ya gari inayomkinga aliye ndani. Na kama tornado inakujia na huna kabisa pa kwenda, iache pikipiki mbali, lala kifudifudi kwenye mtaro ulio chini, helmeti kichwani, mikono shingoni. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya mwisho, na mtaro unaweza kujaa maji.

Usije ukafikiri utaikimbia kwa sababu pikipiki ina kasi. Tim Samaras alikuwa mtafiti, maisha yake yote alizisoma tornado. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, magharibi ya Oklahoma City, tornado iliyofikia upana wa kilomita 4.2 ilibadilisha mwelekeo na kasi ikamuua yeye, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, wakiwa ndani ya gari. Mara nyingi mvua huifunika kabisa, unaona ukuta wa maji tu, hujui kilichomo.

Kuna watakaosema mzee kaogopa tangu avunjike. Semeni. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mama yangu kule Moshi ameshalia kwa simu kiasi cha kutosha.

Sasa nijibu hapa: mahafali ni saa ngapi hasa, na kama Jumamosi alfajiri ni kuchelewa, bosi wako anaweza kukuachia Ijumaa asubuhi? Ukiondoka alfajiri, Oklahoma City utafika kabla ya saa nne, kwangu ni dakika chache kutoka I-35. Nina gereji, chai na kochi. Anga ikiharibika pikipiki inabaki hapo, nami nakupeleka Wichita kwa gari.