Ndege ya Mbio Hunyooshwa Mezani: Kwa Wanaoanza

Ndege yangu ya kwanza ya mbio, ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti, haikumaliza dakika moja hewani. Niliipeleka juu, nikaielekeza chini ili niione inavyochapuka, nikasikia mlio kama wa karatasi nene inayochanwa. Eleveta, ile sehemu ya mkia inayopandisha na kushusha pua, ilitoka ikabaki nyuma inapepea peke yake. Ndege iliendelea bila mimi hadi ardhini. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha mota, nikaweka yenye nguvu zaidi. Waya wa kuendeshea mkia niliuacha ulivyokuwa, mwembamba na unaocheza.

Nasimulia hili mapema kwa sababu karibu kila mgeni anayenifuata kwa ushauri huanza na swali la mota. Niweke ya ukubwa gani? Betri ya seli ngapi? Mimi humwomba kwanza anishikishe ndege yake. Nikiikamata eleveta kwa vidole, rimoti ikiwa imewashwa, nikaitikisa na ikacheza, basi mazungumzo ya mota yanasubiri. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na hivi vyetu vinakimbia, kwa hiyo vinadai zaidi.

Kwa asiyejua mchezo wenyewe: mbio hizi ni za kuzunguka nguzo tatu. Katika daraja la F3D la shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, nguzo zimepangwa pembetatu nyembamba: mita 180 kwenda, mita 40 kati ya nguzo mbili za nyuma, mita 180 kurudi. Mzunguko mmoja ni mita 400, mbio ni mizunguko 10, na ndege tatu huruka kwa pamoja. Kona zote ni za kushoto. Ukipita ndani ya nguzo unaongezewa adhabu ya muda, na ukirudia kosa hilo mbio hiyo ihesabu imekwenda. Ziko pia madaraja mepesi kwa wanaoanza, yenye ndege za bawa nene na mota ya kadiri, na ndiko nakushauri uanzie hata kama mfuko unaruhusu zaidi.

Haya, turudi mezani. Ndege ya mbio iliyopinda kidogo itaruka, usidhani itakataa. Ila itakulazimu uishikilie kwa trimu, yaani eleroni, vile vipande vinavyosogea nyuma ya bawa, na usukani vikae vimeinama muda wote ili iende moja kwa moja, na kila kilichoinama kinaburuza hewa. Mimi hupima kwa uzi. Toka ncha ya bawa la kulia hadi katikati ya mwisho wa mkia, kisha ncha ya kushoto hadi hapo hapo. Vipimo vikitofautiana, bawa limekaa mshazari. Halafu nasimama nyuma ya ndege hatua nne au tano, nafumba jicho moja, natazama kama mkia na bawa vimelala sambamba. Jicho linaona kosa ambalo rula inalikosa. Bawa lenyewe likiwa limejisokota, ncha moja ikitazama juu kuliko nyingine, usitafute dawa kwenye rimoti. Linyooshe kwa joto kama limevikwa plastiki inayojibana ikipashwa moto, au lijenge upya.

Sasa viungio, na hapa nitakaa kidogo. Mtetemo ulioiua ndege yangu huzaliwa hivi: sehemu inayosogea ina nafasi ya kucheza, hewa inaisukuma, inarudi, inapitiliza, hewa inaisukuma tena, na kila mzunguko unazidi uliotangulia. Kwa mwendo wa kawaida hutaona kitu. Ukivuka kasi fulani, sekunde moja inatosha kuing'oa. Dawa yake ni ugumu na kutokucheza. Fimbo ya kutoka sevo, ile mota ndogo inayosogeza mkia, hadi mkia iwe ngumu na fupi kadiri inavyowezekana, na ikiwa ndefu ishikiliwe katikati isipinde. Pembe ya plastiki kwenye eleveta, pale fimbo inapofungwa, isiwe ya kujikunja ukiibonyeza. Mwanya wa bawaba uzibe kwa tepu nyembamba inayopitisha kona yote ya mjongeo, ukihakikisha sehemu bado inasogea bila kukaza. Tepu hiyo pia inazuia hewa kupenya kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo unahitaji kuigeuza sehemu kidogo tu kupata kazi ile ile.

Kosa ambalo karibu wote hulifanya ni hili. Ndege ya mbio inataka mjongeo mdogo sana, milimita chache. Mgeni anafunga fimbo kwenye tundu la nje la mkono wa sevo, anaona mjongeo umezidi, kisha anaupunguza kwenye rimoti hadi asilimia 40. Inaonekana imekubali. Lakini sevo sasa inatumia sehemu ndogo tu ya mzunguko wake, nguvu yake imepungua, na mchezo wote wa gia zake umehamia kwenye mkia. Fanya kinyume: tundu la ndani kabisa kwenye mkono wa sevo, tundu la nje kabisa kwenye pembe ya eleveta, na rimoti ibaki karibu na asilimia 100. Mjongeo utakuwa mdogo kwa sababu ya chuma, wala si kwa sababu ya namba kwenye kioo.

Ni mdogo kiasi gani? Fuata mchoro wa ndege yako kwanza. Ndege zangu za daraja la kuanzia zilikaa vizuri na eleveta ya milimita 4 hadi 5 kila upande, eleroni 5 hadi 6, zikipimwa kwenye ukingo wa nyuma. Mgeni akiona hivyo husema haitageuka. Itageuka. Kwa kasi hiyo eleveta ya milimita 10 itakata hewa juu ya bawa ghafla, bawa moja liachie kabla ya jingine, na ndege ijizungushe kama parafujo katikati ya kona. Nimeliona hilo likitokea mita tatu kutoka ardhini.

Kitovu cha uzito kipime betri ikiwa ndani, mahali pake pa kurukia. Kwa bawa lililonyooka, robo ya upana wake kutoka ukingo wa mbele ni mahali salama pa kuanzia: bawa la upana wa sentimita 20, pima sentimita 5. Baadaye unaweza kurudisha nyuma milimita mbili mbili. Kipimo cha hewani ni rahisi. Ikishaenda sawa bila kushikwa, panda juu, zima mota, ielekeze chini kwa mteremko wa wastani, kisha achia stiki. Ikijiinua kwa pupa, pua ni nzito. Ikizidi kujichimbia, mkia ni mzito, na hapo tua mara moja ukarekebishe. Usisahau uzito wa pembeni pia: ishike puani na mkiani kwa vidole, uone bawa gani linashuka. Msumari mdogo ndani ya ncha nyepesi unamaliza kesi.

Mota, sasa. Kasi ya juu haiamuliwi na mota peke yake. Utazame rafadha wako, yaani panga linalozungushwa na mota. Wenye hatua ya inchi 7, yaani umbali unaosonga kwa mzunguko mmoja, ukizunguka mara 15,000 kwa dakika, unajisukuma inchi 105,000 kwa dakika, ambazo ni takriban kilomita 160 kwa saa. Hesabu hiyo ni ya karatasi, ndege ina mburuto wake, lakini inakupa mwanga: ukitaka mwendo, ama uongeze hatua ama uongeze mizunguko, na vyote viwili vinakula ampea. Kwa hiyo mita ya wati si anasa. Funga ndege imara, betri ikiwa imejaa, fungua mwendo wote kwa sekunde chache, soma. Kidhibiti mwendo, kifaa kinachogawa umeme wa betri kwa mota, kikiwa cha ampea 60 na mita ikasoma 58 ardhini, mimi nabadilisha rafadha. Hewani mzigo utapungua kidogo kwa kuwa ndege inasogea, ila chuma kinachofanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake siku ya jua kali hakikupi taarifa. Usikae na mwendo wote ardhini muda mrefu. Mota iliyotengenezwa kupozwa na upepo wa kasi itaungua ikiwa imesimama.

Rafadha wenye alama ya mkwaruzo kwenye ukingo tupa. Usiufute kwa msasa. Na msisimame sambamba na duara lake, wewe wala anayekushikia ndege. Kaa nyuma yake.

Redio nitapita haraka. Antena mbili za risiva, kipokezi kilicho ndani ya ndege, ziwe zimetazamana kwa pembe mraba, na kama mwili wa ndege ni wa kaboni, ncha zake zitoke nje, kwa sababu kaboni inazuia mawimbi. Fanya jaribio la umbali rimoti ikiwa kwenye nguvu pungufu, hatua 30 au zaidi kama kitabu chake kinavyosema, mota ikizima na ikiwaka. Kisha vua rafadha, washa mota taratibu, zima rimoti. Mota isipozima yenyewe, huna ruhusa ya kuruka leo. Na kabla ya kila kurusha, si siku ya kwanza tu: eleroni ya kulia ipande ukisukuma stiki kulia. Mtu mmoja niliyemfundisha alibadilisha sevo usiku akasahau kugeuza upande. Mimi ndiye niliyeirusha, na mimi ndiye niliyepaswa kutazama.

Kurusha kwa mkono ndipo wengi huvunja. Rafadha unapovuta kwa nguvu, mwili wa ndege unataka kujizungusha upande wa pili, kwa kawaida kushoto. Mwendo nusu hadi robo tatu unatosha, mtupaji aitupe tambarare, pua isielekee mbinguni, nawe uwe tayari na eleroni ya kulia. Iache ishike kasi kabla hujaomba chochote.

Safari kumi za kwanza usizunguke nguzo yoyote. Ruka juu, mara mbili ya urefu wa mti mrefu, fanya umbo la mbio hewani: mstari, kona ya kushoto, mstari, kona ya kushoto. Jifunze ndege inakopotelea ikiwa mbali, inavyofanana ikija na ikienda. Kona yenyewe ni mambo mawili kwa mfuatano. Ilaze kwa eleroni hadi bawa lisimame karibu wima, rudisha eleroni katikati, ndipo uvute eleveta. Mgeni huvuta vyote kwa pamoja, na ndege inachora kona kama bisibisi, inapanda au inazama. Ikizama, hukuwa umevuta kidogo. Ulikuwa umeilaza kupita kiasi.

Na kuvuta kuwe na kiasi. Kwa kilomita 160 kwa saa, kona ya nusu kipenyo cha mita 20 inaibebesha ndege karibu mara 10 ya uzito wake. Ya kilo moja na robo inakuwa ya kilo kumi na mbili na zaidi. Skrubu za bawa zinalijua hilo, na mwendo pia unalijua, maana kila uvutaji mkali unakula kasi ambayo mota itahangaika kuirudisha kwenye mstari wote unaofuata. Upande wa pili, ukichelewa kugeuka mita 10 kupita nguzo ya mbali, umejiongezea mita 20 kwa mzunguko, 200 kwa mbio nzima, ambazo kwa kasi hiyo ni zaidi ya sekunde nne. Nimeshindwa mara nyingi na watu wenye mota dhaifu kuliko yangu kwa hesabu hii hii.

Nguzo ya mbali huwezi kuipima kwa macho yako kutoka unaposimama. Ndiyo maana kuna msaidizi anayesimama begani kwako, anatazama ishara na kukuambia lini ugeuke. Chagua mmoja, mzoeane. Akisema "geuza" ndege ikiwa nguzoni, imeshapita. Neno lina safari kutoka kinywani mwake hadi kwenye kidole chako. Wangu hulitoa mapema kidogo, na tulifika hapo baada ya wiki nyingi za kulaumiana.

Kutua: ndege hizi zinateleza. Zima mota mapema kuliko unavyodhani, fanya mkondo mrefu na wa chini, na usivute pua ili kuipunguza mwendo ikiwa bado juu. Ikikataa kushuka, ipitishe uzunguke tena. Kwa hiyo weka saa kwenye rimoti ikulilie betri ikiwa bado na akiba ya mzunguko huo wa ziada. Seli za lipo, betri hizi za lithiamu, naacha kuzitumia nikiona zimefika volti 3.6 au 3.7 zikiwa zimepumzika, na kama siruki kesho naziacha kwenye 3.8, si zikiwa zimejaa.

Ukishatua, kabla hujaanza kusimulia kona ile uliyoikata vizuri, gusa mota, gusa kidhibiti mwendo, gusa betri. Kilichochoma kidole kiandike kwenye daftari pamoja na namba ya rafadha uliotumia. Kisha ishike eleveta kwa vidole viwili, uitikise tena.