Maswali na majibu: Mchanga unapoporomoka baharini

Naenda kuzamia Cabo San Lucas, Meksiko. Yale maporomoko ya mchanga yanaweza kunifukia?

Ukikaa pembeni, ni vigumu. Mawimbi husukuma mchanga wa ufukweni hadi kwenye kichwa cha korongo la chini ya bahari. Unarundikana mpaka mteremko unafika nyuzi 30 hivi, kisha unateleza na kumwagika gengeni kama maji. Conrad Limbaugh wa Taasisi ya Scripps, inayochunguza bahari huko California, aliyachunguza maporomoko hayo mwaka 1959, na mpaka leo watu huenda kuyatazama.

Ninachokihofia mimi ni kina. Macho yanaufuata mchanga, na mwili unayafuata macho. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi cha angahewa moja, yaani sawa na ule wa hewa ya juu ya bahari. Ukifika mita 30, kila pumzi inakula hewa ya mtungi mara nne ya ile unayotumia juu, na naitrojeni inaanza kukulevya bila wewe kujua. Korongo linaendelea kushuka hadi mamia ya mita. Weka kikomo chako kabla hujaingia majini, na utazame kipimo cha kina mara nyingi kuliko unavyotazama kamera.

Naweza kuusukuma mchanga kwa mkono uporomoke, nipige video?

Hili mnaniuliza kila msimu. Usiuguse! Mteremko uliokwishajaa hauhitaji nguvu kubwa kuachia, na chini yako kuna wenzako. Tena msiingie chini ya ukingo wa mchanga ulioliwa na maji, wala msiende siku baada ya dhoruba, mchanga mpya ukiwa haujatulia.

Nikijikuta ndani ya wingu la mchanga?

Bana mdomo wa hewa, kile kifaa unachopumulia, kwa meno, uufunike kwa mkono. Ogelea kwenda kando, mbali na mkondo. Usipojua juu ni wapi, mapovu yako yatakuonyesha. Panda taratibu huku ukipumua. Anayebana pumzi akipanda anaweza kupasua mapafu.

Ni Meksiko tu?

Hapana. Korongo la Scripps huko La Jolla, California, nalo humwaga mchanga. Mwaka 1929 tetemeko liliporomosha mashapo baharini kusini mwa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, yakakata nyaya 12 za simu za maandishi.

Cheti changu ni cha mita 18. Kiongozi anasema tukiwa naye naweza kufika 30.

Tafuta kiongozi mwingine.