Aliyempekua anaweza kumsikiliza?

Dada, nimekuelewa: mdogo wako yuko gereza la shirikisho Marekani, kakutwa na simu, na unahofia afisa aliyempekua ndiye atasikiliza shauri lake la nidhamu humo gerezani. Hairuhusiwi. Kanuni zao zinataka msikilizaji asiwe shahidi wala mpelelezi wa tukio. Ikitokea hivyo, apinge mwanzoni kabisa mwa kikao, na ahakikishe imeandikwa. Akinyamaza, baadaye watasema hakulalamika.

Tangu kesi ya Wolff ya 1974, katika Mahakama ya Juu ya Marekani, anastahili mashtaka kwa maandishi angalau saa 24 kabla. Aombe mfanyakazi wa gereza wa kumsaidia. Wakili hana haki ya kuingia kwenye kikao, kwa hiyo usimlipe kwa hilo. Rufaa ni fomu BP-10 kwa mkurugenzi wa kanda wa idara ya magereza, ndani ya siku 20 tangu apewe ripoti ya uamuzi. Wakimnyang'anya punguzo la kifungo (siku anazopunguziwa kwa mwenendo mzuri), hapo ndipo umtafute wakili.