Swali la lugha: Vifurushi vya programu "vilivyojengwa" au "zilizojengwa"?

Swali: Ninaandaa jedwali la vifurushi vya programu vya Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux) kwa mashine za amd64, arm64 na riscv64. Niandike "vifurushi vya programu vilivyojengwa" au "zilizojengwa"? Na je, "usanifu" (yaani aina ya prosesa ambayo kifurushi kimejengewa, kama amd64) una wingi?

Jibu: Sarufi inaruhusu vyote viwili, ila maana zinaachana. Ukisema "vilivyojengwa", kilichojengwa ni kifurushi; ukisema "zilizojengwa", ni programu. Kwako tofauti hiyo ina uzito, maana programu moja huzaa vifurushi vingi. Curl (chombo cha kuhamisha data mtandaoni) ni programu moja, lakini ina faili yake ya .deb, yaani kifurushi cha Debian, kwa kila usanifu. Ukiandika "programu tatu" hapo, hesabu imeharibika. Kwa hiyo maelezo na leseni yapatanishe na programu. Usanifu, ukubwa wa faili na alama ya uhakiki (checksum) ni vya kifurushi, navyo vifuate ki-/vi-.

Penye mtego zaidi ni "kifurushi cha programu na toleo lake". Hilo "lake" linapatana na toleo, wala halionyeshi mwenye toleo ni nani. Kifurushi kinaweza kujengwa upya kwa usanifu mmoja tu bila msimbo chanzo (maandishi ya programu kabla ya kujengwa) kubadilika, kisha toleo lake likaongezewa +b1 mwishoni, huku vifurushi vya usanifu mwingine vikibaki bila nyongeza hiyo. Hapo andika waziwazi "toleo la kifurushi" au "toleo la msimbo chanzo", tena katika safu mbili tofauti.

"Usanifu" hauna wingi unaofaa. "Sanifu" tayari ni kivumishi, kama katika Kiswahili sanifu, na "usanifu tatu" ni kosa. Andika "aina tatu za usanifu", kisha upatanisho ufuate aina: "aina tatu za usanifu zinazotumika".

Kuna jambo hukuuliza, lakini jedwali lako litalikuta: thamani all na any katika sehemu ya Architecture (usanifu) ya maelezo ya kifurushi. Wengi huandika "wote" na "wowote", na msomaji hapati kitu. All maana yake kifurushi kimoja, kilekile, kinafaa kila usanifu. Hati na programu za Python tupu mara nyingi huwa hivyo. Any huandikwa kwenye faili la kuelekeza ujenzi, na maana yake msimbo unaweza kujengwa kwa usanifu wowote, kila mmoja ukapata kifurushi chake. Kifurushi kikishajengwa, any hutoweka na mahali pake hukaa jina kamili, mfano arm64. Basi eleza: "kifurushi kimoja kwa kila mashine" na "kifurushi cha pekee kwa kila usanifu". Thamani zenyewe usizitafsiri kamwe, kwa kuwa dpkg, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, haitambui "wote".

Vivyo hivyo usiandike "prosesa za AMD" badala ya amd64. Hilo ni jina la usanifu wa biti 64 ambao prosesa za Intel pia zinautumia. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, huuita x86_64, na arm64 huiita aarch64. Ukichanganya taarifa za mifumo hiyo miwili, chagua jina moja kwa safu ya kupangia, na jina la asili liweke katika safu ya pembeni, vinginevyo usanifu mmoja utaonekana kama aina mbili.