Kwa nini D ya urani haitulii?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia, na likizo hii niko nyumbani Ngamiani, Tanga, natengeneza modeli ya kutoa urani kwenye asidi ya nitriki kwa kutumia tributili fosfati (TBP) ya asilimia 30 ndani ya mafuta ya taa. Maji yana urani moli 0.37 kwa lita, na ujazo wa mafuta ni sawa na wa maji. Uwiano wa mgawanyo, D, yaani urani ya kwenye mafuta ukigawanya kwa urani ya kwenye maji, niliupima kwenye maji yenye urani kidogo sana nikapata 20. Modeli inasema itabaki 0.018 kwenye maji, lakini maabara inaonyesha karibu 0.07. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hesabu yako haina kosa. Kosa ni kuishika D kama namba isiyobadilika.

Ioni ya uranili, yaani urani iliyoshikana na oksijeni mbili, haiingii kwenye mafuta peke yake. Hubeba nitrati mbili na kushikwa na molekuli mbili za TBP. Kwa hiyo D hufuata kipeo cha pili cha nitrati na kipeo cha pili cha TBP iliyo *huru*. Hilo neno "huru" ndilo lililokuponyoka. Fikiria daladala inayotoka Muheza, kila abiria ana tenga la machungwa na anakalia siti mbili. Wa kwanza wanapanda bila taabu. Wanaofuata wanahangaika, ingawa gari ni lile lile.

TBP ya asilimia 30 ni kama moli 1.1 kwa lita. Urani ikifika 0.30 kwenye mafuta, TBP 0.60 imeshakaliwa, imebaki 0.50. Gawanya 0.50 kwa 1.1, pandisha kipeo cha pili: 0.21. D yako ya 20 imeshuka hadi 4 na kidogo, na 0.30 ukigawanya kwa hiyo unapata 0.07. Maabara yako ilisema kweli.

Kwenye Excel, kisia urani ya mafuta, tafuta TBP huru, kisha D, kisha urani upya, urudie. Namba itayumba juu na chini kabla ya kutulia, usiogope.

Asidi nayo ni abiria: molekuli moja hukalia TBP moja. Ndiyo maana D hupanda asidi inavyoongezeka, halafu ikizidi sana hushuka. Kama asidi ya maji haikubadilika, hesabu fupi hiyo inatosha. Ukiunganisha vyombo kadhaa, kila kimoja na asidi yake, iingize kwenye modeli tangu mwanzo.

Na tafadhali, ukianza kufikiria mawe yenye urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo, usihamishe mlinganyo huu kienyeji. Madini mengi ya urani duniani huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, nitrati haipo, na TBP haifai kitu. Kwenye salfuriki mara nyingi hutumika amini, kemikali zenye nitrojeni, na urani husafiri ikiwa imeshikana na salfeti. Andika kwanza nani anamshika nani, na wangapi, ndipo ufungue Excel.